Ya waya au ya betri? Mashine ya kwanza kwa fundi wa Nyanda za Juu

Mpwa wangu alimaliza chuo, akakaa kwa bosi mmoja wa useremala pale Uyole, Mbeya, miezi minane, kisha akanipigia simu. "Shikamoo mjomba. Nina laki tatu na nusu, nataka mashine. Ninunue ya waya au ya betri?" Nikamuuliza ya kufanyia nini. Akasema yoyote ile, ila vijana wenzake wamemwambia ya waya imepitwa na wakati.

Haijapitwa. Na ya betri nayo si kichezeo, kama wazee wenzangu wa Mwanjelwa wanavyopenda kusema wakiiona. Nimepaua nyumba kwa zote mbili, kuanzia Mbalizi hadi Makete, na zote mbili zimeshatuachia makovu, mimi na watu wangu, kila moja kwa mtindo wake. Ndiyo maana nikizilinganisha sianzii kwenye nguvu wala bei. Naanza kwa kujiuliza: hii itaniumiza kwa njia gani, na huko ninakoenda kufanyia kazi nitaweza kuiziba njia hiyo?

Soketi iko umbali gani?

Karakanani, mashine ya waya iko nyumbani kwake. Umeme wa ukutani ni volti 230, hauchoki kadiri siku inavyokwenda, na randa itakula mbao tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kusubiri chaja. Kama una kibanda Mafinga au Iringa mjini na soketi iko hatua tatu kutoka mezani, sioni kwa nini ulipie betri za mashine ambayo haitoki hapo mezani.

Ukienda saiti mambo yanageuka. Nyumba iliyo mwisho wa laini kijijini mara nyingi hupata umeme mdogo, hasa jioni kila mtu anapowasha. Juu ya udogo huo fundi anaongeza ekstensheni ndefu na nyembamba, ile ya kuwashia redio. Tupige hesabu kidogo. Mashine ya wati 2,000 inavuta karibu ampea 9. Ekstensheni ya mita 50 yenye waya wa milimita 0.75 za mraba itakula volti 22 hivi njiani kabla mashine haijaonja kitu. Waya wa milimita 2.5 kwa urefu huohuo utakula volti 6 na ushee. Kama laini yenyewe ilikuja na volti 200, ile nyembamba imekushusha chini ya 180.

Mota iliyopata umeme mdogo haiishii kuwa dhaifu. Inazunguka polepole, na feni yake ya kujipoza, ambayo imefungwa kwenye shafti hiyohiyo, nayo inazembea. Fundi anaona mbao hailiki, anaikandamiza, inavuta umeme zaidi, inachemka. Baada ya wiki mbili unasikia harufu ya kuungua na mtu anaapa aliuziwa feki. Huenda hakuuziwa.

Ekstensheni ya kuviringisha kwenye gurudumu ikunjue yote, hata kama unahitaji mita tano tu. Waya uliobaki umejizungusha unapika joto lake wenyewe. Niliwahi kufungua moja nikakuta ganda limegandana kama kashata.

Halafu kuna nyaya tupu zinazochomekwa kwenye soketi na kukazwa kwa njiti za kiberiti. Nimeziona kwa watu wenye miaka ishirini kwenye kazi. Plagi yetu ya pini tatu kwa kawaida ina fyuzi ndani. Ukiitupa plagi umeitupa na fyuzi, na swichi ya kuzimia uliyobaki nayo ni mkono wako.

Mvua ya Tukuyu

Hapa betri inashinda, na sibishani na mtu. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo anayepaua Rungwe akisubiri siku kavu atasubiri sana. Shemeji yangu alikuwa akikata bati kwa grenda ya waya. Ekstensheni ilipita kwenye majani mabichi, na katikati ilikuwa na kiungo kilichofungwa kwa tepu nyeusi. Akashuka ili akisogeze kile kiungo, akakishika kwa mkono uliolowa. Kilimrusha chali kwenye lundo la mchanga. Vidole viwili vilibaki na alama nyeupe za kuungua. Kama angekuwa bado juu ya kenchi, nisingekuwa nasimulia hivi.

Swichi ya kwenye boksi haikujikata, na wengi walishangaa. Hawakupaswa kushangaa. Sakiti breka ya ampea 15 au 20 imewekwa kulinda nyaya za nyumba zisiungue. Mwili wa mtu unaweza kusimama moyo kwa umeme ulio chini kabisa ya ampea moja, na breka ile haitajua kama kuna jambo. Kinachomlinda mtu ni RCD, swichi inayopima umeme unaokwenda na unaorudi, ikiona umevuja hata ampea 0.03 inakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Zipo za kufungwa kwenye boksi na zipo za kuchomeka kwenye soketi. Ya kuchomeka iweke ukutani, mwanzo wa ekstensheni. Ukiiweka huku mwishoni, kile kiungo cha kwenye majani kinabaki bila mlinzi. Ina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze kila unapoanza kazi, na isipokata, irudishe ilikotoka.

Kuna kitu kingine juu ya paa ambacho fundi wa waya asikisahau: ukingo wa bati ni kisu. Waya ukiburuzwa juu yake tangu asubuhi, ganda linachanika, na siku hiyo paa zima lina umeme pamoja na wote walio juu yake.

Mashine nyingi za mkononi zina alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Maana yake zimekingwa mara mbili na hazihitaji waya wa ethi. Nimewasikia watu wakitafsiri kwamba "hii haipigi shoti". Inapiga, maji yakiingia ndani. Kinga ile ni ya plastiki, na plastiki haizuii maji yanayopenya kwenye matundu ya feni.

Betri haipigi shoti, lakini haina plagi ya kuchomoa

Mashine ya waya ukiichomoa, imekufa, na kila mtu anaiona plagi imelala chini. Ya betri iko macho saa zote. Mimi kovu langu liko juu kidogo ya kiuno. Nilipanda bodaboda kutoka Kabwe kwenda Mbalizi, begi mgongoni, drili ndani ikiwa na betri yake na biti ya bati. Tulipopita tuta, kitu ndani ya begi kikabana swichi. Biti ikapita kwenye begi, ikapita kwenye koti, ikanifikia mimi. Dereva alidhani nimepagawa.

Tangu siku hiyo betri inatoka kwenye mashine kabla ya kusafiri, kabla ya kubadilisha diski au biti, na kabla ya kumpa saidia fundi aisafishe. Kile kitufe cha kugeuza mzunguko kina nafasi ya katikati inayofunga swichi. Kiweke hapo hata kama unaiacha mezani dakika mbili.

Na betri yenyewe usiichanganye na misumari. Betri iliyovuliwa ina vidomo vya chuma vilivyo wazi, na msumari mmoja ukivigusa vyote viwili unafanya shoti. Utaona cheche, kisha moshi, na moto wa betri za lithiamu hauna utani. Ule mfuniko wa plastiki uliokuja nayo, ambao sote tunautupa siku ya kwanza, ndiyo kazi yake.

Baridi nayo ina neno. Juni na Julai sakitu inaanguka Makete na huko Kitulo. Betri ya lithiamu iliyoganda bado inaweza kuendesha mashine, kwa uvivu. Kuichaji ikiwa chini ya nyuzi 0 ndiko kunakoiharibu, na uharibifu huo haurudi nyuma. Ikilala saiti, asubuhi iingize ndani, ikae hadi ukiishika isikuume kwa ubaridi, ndipo uichaji. Usiisogeze jikoni ili iwahi. Ikiwa moto kutokana na kazi pia isubiri. Chaja nzuri zenyewe hukataa kuanza hadi ipoe. Ya kukaa muda mrefu bila kutumika iache ikiwa nusu, si tupu.

Kuhusu namba za kwenye betri, jifunze kugawanya. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6 za kawaida, kwa hiyo betri ya volti 18 ni seli tano zilizopangwa mstari. Seli hizohizo zikitoka kwenye chaja zinafika 4 na ushee kila moja, na ndiyo maana wengine huandika 20 au 21. Ni betri ileile. Sasa ukikuta sokoni drili imeandikwa 88, gawanya kwa 3.6: ingehitaji seli zaidi ya ishirini na nne. Ishike mkononi uone kama seli ishirini na nne zinaweza kukaa humo.

Nguvu: hesabu ya dakika

Betri ya volti 18 na ampea-saa 5 ina wati-saa 90. Unit moja ya LUKU, yaani wati-saa 1,000, inaweza kuijaza mara tisa hivi ukihesabu kinachopotea kwenye chaja, kwa hiyo gharama ya umeme isikusumbue. Kinachosumbua ni muda. Grenda ikivuta wati 900 mfululizo itaimaliza betri hiyo kwa dakika sita. Drili inayofunga skrubu za bati inavuta kwa vipindi vifupi na itakupeleka saa nyingi.

Hapo ndipo mgawanyo wangu unapotoka. Kinachokula mbao au chuma mfululizo, yaani grenda, randa, msumeno wa duara na mashine ya kupiga msasa (sanda), nakitaka cha waya. Kinachopanda ngazi na kufanya kazi kwa vipindi, yaani drili ya kutobolea na kufungia, nakitaka cha betri. Jigsoo, ule msumeno mwembamba wa kukatia mikunjo, ni kwa mapenzi yako. Nyundo ya kutobolea zege, waya, isipokuwa kama wewe ni fundi umeme wa matundu manne kwa siku.

Grenda, ambayo haijali umechagua ipi

Kama kuna mashine inayojaza wadi za majeruhi wa karakana ni hii, na hapa waya na betri ni ndugu. Grenda ndogo ya diski ya milimita 115 huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika. Diski ya saizi hiyo huandikwa 13,300, kwa hiyo iko salama. Sasa mtu anataka kukata nondo nene, diski ndogo haifiki, anang'oa kava na kufunga diski ya 180 iliyobaki kwenye grenda kubwa. Soma maandishi yake: 8,500. Umeizungusha 11,000, na ukingo wake unakwenda zaidi ya mita 100 kwa sekunde wakati umetengenezwa kwa 80. Ikipasuka, vipande vinakuja kwa kasi ambayo basi la Dar halijawahi kuota, na kava ndilo lililong'olewa.

Diski za kukatia chuma zina tarehe ya kuisha, imepigwa kwenye pete ya chuma katikati. Gundi inayoshika chembe zake inazeeka, na unyevu unaizeesha haraka. Za kwenye ndoo ya saiti iliyonyeshewa, mimi navunja kabisa ili mtu asiziokote.

Kufunga meno ya msumeno wa mbao kwenye grenda ni mada ambayo nimegombana nayo na watu ninaowaheshimu. Nitaisema tena. Grenda haina bamba la kukaa juu ya mbao, na kava lake halifungi meno yakitoka kwenye mbao. Meno yakikwama, mashine inaruka kuelekea kwako. Na mbao zetu zinakwamisha: paina ya Sao Hill huletwa mara nyingi ikiwa mbichi, inakatwa huku inajikunja na kubana. Kubana huko hutokea hata kwenye msumeno wa duara wa kweli, ndiyo maana kava lake la chini linalojifunga lenyewe halipaswi kufungwa kwa waya ili "lisisumbue". Panga mbao vizuri isijibane, weka kipande kinachoanguka upande ulio huru, na simama pembeni ya mstari wa kisu.

Halafu tuko kwenye baridi. Fundi wa Njombe mwezi wa saba amevaa sweta, koti na skafu, na glovu za sufu. Drili inayozunguka ikishika uzi mmoja wa sufu inaendelea kuzungusha. Ingiza skafu ndani, kaza mikono ya koti, na glovu vua unapotoboa. Miwani vaa ukiwa na mashine yoyote.

Ikiharibika, nani ataitengeneza?

Hapa wazee wa Mwanjelwa wana hoja nzito. Mashine ya waya ya kawaida ina kaboni mbili zinazopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, nazo huisha taratibu. Ukiona cheche zinazidi kwenye matundu, au inakatakata, zitoe. Zikibaki milimita 5 au 6, nunua jozi mpya, zote mbili kwa pamoja, hata kama moja bado ina afya. Dakika kumi na bisibisi. Ukipuuza, kaboni fupi inakwaruza shaba na hapo unampelekea fundi wa kusuka mota. Naye yupo, katika mji wowote wa ukanda huu.

Mashine mpya nyingi za betri hazina kaboni kabisa. Zinadumu, hazitoi cheche, zinatumia betri vizuri zaidi. Lakini zina saketi ndogo ya kompyuta ndani, na ikifa hiyo, mafundi wengi wa huku watakurudishia na pole. Betri nayo ina miaka yake kadhaa, na ya Makita haiingii kwenye DeWalt, wala ya DeWalt kwenye Bosch. Ukinunua drili ya betri umeshachagua familia ya mashine zako zijazo, kwa hiyo kabla hujalipa uliza: duka hilohilo lina betri ya akiba leo, au "inakuja wiki ijayo"?

Usafi ni uleule kwa zote. Maranda ya paina yana utomvu. Yanaziba matundu na mota inakosa hewa. Pulizia kila jioni. Utomvu kwenye kisu cha msumeno utoe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisu kikiwa nje ya mashine, na ukikaushe kabla ya kukirudisha. Kisu kilichojaa utomvu hubana, na tulishaongea kuhusu kubana.

Jenereta na mitumba ya Japani

Wapo wanaosema watanunua za waya na jenereta ndogo, wamalize ubishi. Kumbuka tuliko. Injini ya petroli isiyo na msaada wa kusukumiwa hewa hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jenereta iliyoandikwa kilowati 2.5 itakupa kama 2, na mota ikiwa inaanza inavuta zaidi ya kawaida yake. Grenda kubwa ya wati 2,200 itaizima. Na hata kukiwa na baridi kiasi gani, usiiwashe ndani ya chumba. Moshi wake una hewa inayoua bila harufu.

Za mtumba kutoka Japani ni imara, nazipenda, lakini angalia kibandiko kabla ya plagi. Umeme wa Japani ni volti 100. Randa yangu ya kwanza nilibadilisha plagi, nikaichomeka, ikalia kwa sauti nzuri ajabu kwa muda wa kusema "bismillahi", ikafuka. Bila transfoma ya kushusha umeme, iache kwa muuzaji.

Mpwa wangu mwishowe alichukua drili ya betri yenye betri mbili na grenda ndogo ya waya. Randa ataendelea kuazima kwa bosi wake wa Uyole hadi mfuko upone. Alipomaliza kulipa alibakiwa na elfu kumi na nane, akaniangalia, nami nikaangalia viatu vyake. Alikuwa na ndala. Tukavuka barabara kwenda kwa wauza mitumba, tukatafuta buti.